Likizo Bila Gharama: Mazungumzo na Wazazi wa Kaloleni

Hotuba ya mwalimu wa madarasa ya chini kwa wazazi na walezi, Nairobi, mwanzoni mwa likizo ya Desemba

Wazazi wenzangu, walezi, shosho na babu mliokuja na wajukuu, mzee wa mtaa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi: hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua wengine wenu mmefunga kibanda ili mfike hapa, na kibanda kikifungwa Jumamosi ni hela inayopotea. Wengine mmetoka Maringo na Jericho, wengine mmevuka barabara kutoka Mukuru na matope yote haya ya mvua za vuli. Kwa hiyo sitawazungusha.

Shule zimefungwa mpaka Januari. Swali ambalo mzazi ananiuliza kila mwaka shule zikifungwa ni hili: "Mwalimu, nitafanya nini na watoto hawa muda wote huo?" Anauliza kwa uchovu. Nyumba ni chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia. Nje mvua inanyesha. Landilodi hataki kelele kwenye ngazi. Karo ya Januari inasubiri, na kila sehemu ya kumpeleka mtoto mjini ina nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kiingilio, na chipsi, kwa sababu hakuna mtoto wa Nairobi anayepita penye chipsi akanyamaza.

Basi anapewa simu. Simlaumu mama anayempa mtoto simu ili apate kufua nguo. Kufua kwa mkono nguo za watu watano si kazi ya kufanywa na mtoto ameng'ang'ania leso. Lakini ni haki yenu mjue kipimo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na yule wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa wenye miaka 5 na kuendelea hadi 17, shirika hilohilo linataka wapate angalau wastani wa dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili. Siku ya likizo ina saa kama kumi na tatu za kuwa macho. Mkiondoa hiyo saa 1 ya skrini, zilizobaki zijazwe na nini? Hilo ndilo nililokuja kulizungumza.

Msimamo wangu nauweka mbele ili mjue ninakoelekea. Mtoto hafurahii kitu kwa sababu kimenunuliwa. Anafurahia kuingizwa katika shughuli ya watu wazima, na anafurahia mtu mzima anapoketi chini kucheza naye akiwa hana haraka. Hayo mawili hayauzwi Gikomba wala kwenye maduka ya kupanda kwa ngazi za umeme. Na kucheza si anasa ya watoto wa matajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mtoto wa Mukuru amo humo sawa na mtoto wa Karen.

Tuanzie jikoni, kwa kuwa kupika mtapika tu.

Siku ya chapati ni sikukuu katika nyumba nyingi hapa, na mara nyingi watoto hufukuzwa mpaka ziive. Msiwafukuze. Mpe wa miaka 4 kazi ya kupima: vikombe vingapi vya unga, kijiko cha chumvi, maji ya uvuguvugu. Mpe wa miaka 7 akande. Mikono yake midogo itachoka haraka, mpokee, halafu umrudishie. Kisha mfunike unga, msubiri nusu saa, na hapo ndipo pana somo zuri. Mwambie ajaribu kusukuma kidonge kimoja kabla ya ile nusu saa kwisha. Kitajikunja, kitajirudi. Baada ya kupumzika kidonge kilekile kitatanuka kwa utulivu. Unga wa ngano ukikandwa hujikaza, ukipumzishwa hulegea. Hiyo ni sayansi, na ameishika kwa vidole vyake mwenyewe. Kama fimbo ya kusukumia ni moja, mpe chupa ya soda iliyooshwa. Chapati yake ya kwanza itatoka kama ramani ya Afrika. Ichomeni hivyohivyo, aile yeye, na baba akirudi aonyeshwe kipande. Halafu kateni nusu, kateni robo, ulizeni robo ngapi zinarudisha chapati nzima. Nimefundisha visehemu ubaoni kwa chaki miaka mingi, na nawaambia kwa dhati kwamba mtoto aliyegawiwa chapati na wadogo zake hufika darasani akiwa ameshaelewa nusu ya mambo.

Jiko liwe mbali naye. Makaa, stovu ya mafuta ya taa, gesi, vyote ni vya mkubwa. Yeye mpe meza au kibao sakafuni.

Siku za githeri ni rahisi zaidi. Usiku mnapoloweka maharagwe, mwambie ajaze glasi moja ya maharagwe makavu, achore mstari kwenye glasi kwa kalamu, kisha ayaloweke kwenye sufuria. Asubuhi ayarudishe ndani ya glasi ileile. Hayatatosha, maana yamevimba karibu mara mbili. Ataanza kuuliza maji yameingia wapi, na msikimbilie kumjibu. Mwacheni akisie kwanza. Machache myafunge ndani ya kitambaa chenye unyevu na myaweke dirishani. Katika siku nne, tano, wiki hivi, atakimbia kukuita uone mzizi umetoka. Ukiwa na gunia kuukuu la mahindi, mmea huo una pa kwenda: udongo na samadi ndani, nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke mpaka chini, matundu ubavuni ya kupandikizia miche ya sukuma wiki. Kina mama wa Kibera wamelima hivi kwa miaka, hamhitaji mimi niwafundishe. Ninachoongeza ni kwamba matundu mawili yawe ya mtoto, yawe kwa jina lake, ayamwagilie mwenyewe kwa maji yaliyooshewa mboga. Mtoto anayekataa sukuma mezani nimemwona akila ile aliyoichuma mwenyewe.

Sasa nije kwa ninachokipenda kuliko vyote, na nitakaa hapa kidogo.

Wote mnaijua trei ya mayai. Ile ya mayai 30 ina safu tano za vishimo sita sita. Mama mboga huzitupa au huwashia moto. Mwombeni moja. Kateni safu mbili zilizoshikana: mmepata vishimo kumi na viwili, sita vyako, sita vya mtoto. Wekeni maharagwe manne katika kila kishimo, jumla 48. Hilo ni bao.

Najua hapa ndani kuna watu ambao babu zao walilicheza. Wajaluo wanaliita ajua, Wakikuyu giuthi, Wameru kiothi. Pwani na Visiwani wana bao lao kubwa lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, na wazee wanaolijua vizuri hulicheza jioni nzima barazani. Kwa mtoto anayeanza, hili la trei linatosha. Anayecheza anachota kete zote za kishimo kimoja cha upande wake na kuzipanda moja moja kuelekea kulia, akizunguka mpaka upande wa mwenzake. Kete ya mwisho ikiangukia kishimo kitupu cha upande wake, anakula zilizo mkabala nacho. Mmoja akiishiwa kete upande wake mchezo umekwisha, na mwenye nyingi ameshinda. Kama kwenu mlicheza kwa sheria nyingine, mfundisheni ya kwenu. Ni vizuri zaidi.

Kwa nini nalisisitiza bao? Kwa sababu mtoto anahesabu bila kuambiwa ahesabu. Mwanzoni anagusa kila kishimo kwa kidole. Siku zikipita utaona kidole kimeacha kugusa na macho ndiyo yanatembea: anahesabu kichwani, anaona mbele hatua moja, halafu mbili. Anajifunza kungoja zamu, jambo ambalo sisi walimu wa madarasa ya chini tunalipigania mwaka mzima. Na anajifunza kushindwa huku anapendwa, maana aliyemshinda ni mama yake. Mtoto asiyeona analicheza kwa kugusa, sawasawa na mwenzake anayeona. Tafadhali yule jirani mwenye mtoto anayefichwa ndani, mwiteni. Jambo moja la hatari nitalisema kwa nguvu: mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachiwe maharagwe. Huyatia mdomoni, huyatia puani. Wakati wakubwa wake wanacheza, yeye mpeni vifuniko vikubwa vya makopo na sufuria tupu.

Drafti nayo msiisahau. Kadibodi ya miraba 64, vifuniko vya soda 12 vilivyolala kifudifudi na 12 vilivyolala chali, basi. Baba zenu wanaicheza nje ya vinyozi kila Jumapili, waicheze na watoto pia.

Mpira. Sisi tulikua tukifunga mpira kwa majuala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na mitaro yetu ilistahili hilo. Mpira wa siku hizi fungeni kwa soksi zisizo na wenzake, vitambaa vya fundi cherehani, na kamba ya katani juu, iliyosukwa kwa vifundo. Kazi ya kuufunga ni nusu ya raha, kwa hiyo msiufunge nyie mkampa ukiwa tayari. Uzuri wake mwingine ni kwamba haudundi sana. Mnaweza kuuchezea kwenye korido ya ploti bila kuvunja kioo cha mtu. Mvua ikikatika, michezo ya kati (ile ya kukwepa mpira), brikicho (ya kujificha na kutafutana), blada na kuruka kamba ina wenyewe huko nje, watoto wanaijua kuliko mimi. Ombi langu ni kwa kina mama: siku moja ingieni katikati nyie wenyewe mkicheza kati. Msiogope majirani. Mtoto aliyemwona mama yake anakwepa mpira na kucheka hatalisahau jambo hilo.

Tiara za gazeti na magari ya waya nayapita haraka. Ni mazuri, ila tiara isirushwe karibu na nyaya za stima, na kwenye mitaa yetu ni vigumu kupata mahali pasipo na nyaya. Ngojeeni siku mtakayokuwa ushago au kwenye kiwanja kikubwa.

Kuhusu udongo wa kuchezea, mtasikia watu wakiwashauri mkande unga wa ngano na chumvi muwape watoto wafinyange. Wenye unga wa ziada wafanye. Mimi sitaki kumwambia mama anayepima unga kwa kikombe awape watoto waumalize kwa sanamu za ng'ombe. Mungu ametupa udongo bure. Upande huu wa mashariki ya jiji, Embakasi na Kayole mpaka kuelekea Athi River, ni udongo mweusi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Upande wa magharibi, Dagoretti na Kikuyu, ni udongo mwekundu. Tieni wa aina zote mbili kwenye makopo, mwacheni mtoto afinyange bakuli mbili ndogo, azikaushe, aone ipi imepasuka zaidi. Atakuwa ameelewa kwa nini nyumba nyingi upande huu zina nyufa ukutani, jambo ambalo watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza. Chagueni udongo wa mahali pasipopita maji taka, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Na sasa mvua yenyewe, ambayo wengi tunaichukulia kama adui wa likizo. Chukueni kopo lenye ubavu ulionyooka, lisilopanuka juu. Liwekeni mahali wazi, mbali na paa na miti, mlizungushie mawe lisianguke. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa husoma vipimo vyao, mtoto atie rula ndani, asome milimita ngapi, aandike kwenye daftari, kisha amwage. Ni dakika mbili. Lakini ana kazi inayomsubiri kila asubuhi, na ana kitabu chake cha kumbukumbu.

Halafu muulizeni swali hili. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji, kamili. Nyumba yenye paa la mabati la mita 3 kwa mita 3 ina mita mraba 9. Usiku ikinyesha milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya Novemba, paa hilo limemwaga lita 90. Hizo ni mitungi minne na nusu ya lita 20. Nyie mnaopanga foleni ya maji mnajua mtungi ni shilingi ngapi siku za shida, fanyeni hesabu hiyo na watoto wenu. Nimeona mtoto wa darasa la nne akimfanyia baba yake hesabu hii, na wiki iliyofuata kulikuwa na mtaro wa bati chini ya paa na pipa limekaa mwisho wake. Maji ya mvua ya kwanza yaacheni yaoshe vumbi la paa, na ya kukinga yatumieni kwa kufua na kuosha vyombo.

Siku ya jua, chukueni kijiti chenye urefu wa mita 1, kisimamisheni wima uwanjani au juu ya ghorofa pa kuanikia nguo, mkiwa pamoja naye huko juu. Kila baada ya dakika kumi mtoto atie alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli, kuanzia saa sita kasoro robo hadi saa saba. Atagundua mambo mawili. Kwanza, kivuli kifupi zaidi hakiangukii saa sita kamili. Mwezi wa Desemba huwa karibu saa sita na nusu. Sababu ni kwamba saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita huko Somalia karibu na Mogadishu, na sisi Nairobi tuko karibu nyuzi 37. Jua linatufikia utosini baadaye kuliko saa ya ukutani inavyodai. Pili, kivuli hicho kitaelekea kaskazini na kitakuwa na urefu wa sentimita 40 hivi, kwa kuwa Desemba jua liko kusini mwetu. Mwambieni arudie zoezi hilo Juni. Kivuli kitakuwa kimehamia kusini. Watoto wa Ulaya hawaoni jambo hilo kamwe. Kwao kivuli cha adhuhuri huelekea upande mmoja mwaka mzima. Sisi tunaokaa katika nchi za tropiki ndio tunaoweza kuona kivuli kikivuka miguu yetu, tena bila senti moja.

Nawaona kina baba waliokaa nyuma. Nyie nawazungumzia sasa. Najua mnaamka gizani, mnatembea kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda, na mnarudi gizani. Mtasema mchezo wa mchana ni wa kina mama. Sawa. Wenu ni wa usiku, na unahitaji dakika ishirini tu.

Stima ikipotea, na itapotea, washeni tochi ya simu na mtengeneze vivuli vya mikono ukutani. Mbwa, ndege, sungura. Msitumie mshumaa kwa mchezo huu. Kwenye nyumba za mabati na mbao moto mmoja unamaliza mtaa. Mkishachoka na vivuli, zimeni tochi mwokoe betri, na muanze vitendawili.

Kitendawili! Ninyi mnajua kujibu: Tega! "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni." Njia. "Nina saa ambayo haijapata kusimama." Moyo. Mtoto akishindwa, lazima atoe mji ndipo aambiwe jibu. Hapo msikubali kila siku apeane Nairobi na Mombasa. Mdaini Lodwar, mdaini Garissa, Homa Bay, Voi, Maralal. Kaunti ni 47, kwa hiyo miji haitaisha upesi. Na kila mji aliotoa, kesho yake autafute kwenye ramani ya kitabu chake cha shule. Kisha yeye atunge vya kwake kuhusu vitu vya mtaani: matatu, tangi la maji, kamba ya nguo. Vitendawili vya watoto wa Nairobi navipenda sana, kwa sababu ni vipya na ni vyao.

Baada ya hapo hadithi. Paukwa! Pakawa! Hamhitaji kujua hadithi ndefu. Mchukue sungura yuleyule wa zamani, mpandishe matatu ya Jogoo Road bila nauli, na mwacheni mtoto aseme anamdanganyaje kondakta. Fisi naye amekaa kiti cha nyuma, njaa inamuuma. Wewe sema sentensi moja, mtoto sentensi moja, mama sentensi moja. Kama lugha ya nyumbani ni Kikamba au Kiluhya, isimulieni kwa lugha hiyo. Watoto wetu wana Sheng ya kutosha huko nje, na haiwadhuru. Wanachokosa ni lugha ya shosho wao. Na shosho mwenyewe mpigieni. Dakika kumi za simu ni nafuu kuliko nauli ya kwenda ushago kipindi cha Krismasi, bei ambayo sote tunaijua inavyopanda. Mtoto amuulize alipokuwa na umri wake alicheza mchezo gani, alilala na nani, alitembea umbali gani kwenda kuchota maji. Ayaandike majibu kwenye kurasa tupu zilizobaki mwishoni mwa madaftari ya mwaka huu. Msiyatupe madaftari hayo wala kuyauza kwa kilo kabla hamjatoa kurasa tupu. Zishoneni katikati kwa sindano na uzi: hicho ni kitabu, na mwandishi wake ni mwanao.

Nimetaja kitabu, na jambo hili linanikera, niruhusuni nilitoe. Tuko Kaloleni, na Kaloleni ina maktaba. Makadara ina maktaba. Zote mbili ni matawi ya ile ya McMillan kule mjini, iliyofunguliwa mwaka 1931, na katika miaka ya karibuni zimekarabatiwa, zikapata rangi na rafu na vitabu vya watoto. Wako wazazi wanaopita mlangoni pake kila siku wakidhani ni pa wanafunzi wa chuo. Ingieni. Mwende na mtoto, mkae naye kwenye kiti kile kidogo, msome naye. Ukiwa hujui kusoma vizuri, yeye atakusomea, na wewe umsikilize na umuulize maana. Hiyo si aibu hata kidogo. Nimefundisha watoto ambao mama zao hawakupata shule, na walisoma vizuri kuliko wengi, kwa kuwa kila jioni kulikuwa na mtu nyumbani aliyetaka kusikia.

Mwisho wa yote, tahadhari tatu za mwalimu. Msigeuze kila mchezo kuwa mtihani. Nimewapa visehemu ndani ya chapati na hesabu ndani ya mvua, lakini mtoto akisema leo anataka tu kula chapati, ale. Msijaze siku yake mpaka asubuhi yote imepangwa. Mtoto akilalamika hana la kufanya, mwacheni kidogo, atalitafuta na atalipata. Na ukiketi kucheza naye, simu yako iwe mfukoni. Ni afadhali dakika kumi na tano ulizokaa naye kwelikweli kuliko mchana mzima unaomwambia "ngoja kidogo" huku kidole kinasukuma skrini.

Nimemaliza. Kwenye ile meza ya nyuma, karibu na birika la chai, kuna trei za mayai nilizokusanya kwa majirani, mkasi, na mfuko wa maharagwe. Mkasi ni mmoja, kwa hiyo pangeni foleni. Anayetaka kukata bao akate sasa hivi kabla mvua haijaanza, na aliye na mtoto hapa aketi naye acheze mchezo wa kwanza nikiwa bado nipo, ili panapomtatiza aniulize. Babu pale mbele ameshaniambia kwamba kwao kulia ni kushoto na kwamba mimi sijui giuthi. Babu, njoo uwe wa kwanza. Watoto waje wakuzunguke, uwafundishe ya kwenu.